Watani Walipokulilia Ukiwa Hai

Rajabu mwanangu,

Kwaheri ya kawaida tutapeana asubuhi mlangoni, mbele ya mjomba wako na majirani, na hapo nitasema yale ambayo kila mama husema mtoto anaposafiri. Haya ya hapa hayasemeki mlangoni. Yangesemeka mezani leo mchana, lakini mezani nilinyamaza, na ni baada ya wageni kuondoka ndipo nimeshika kalamu.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika, kuswali wala kuchagua marafiki. Hayo unayajua, na usiyoyajua Mwanza itakufundisha. Nataka kuzungumza nawe juu ya jambo moja tu: ile pakiti ya vidonge uliyoitoa kwenye begi na kuirudisha kabatini, nyuma ya redio, baada ya mjomba wako Saidi kusema aliyoyasema.

Alikuwa amemaliza sahani ya pili, ananyonya mfupa.

“Anko,” akakuambia, “huko uendako hakuna anayekujua. Hiyo ndiyo bahati. Sasa ukifika na dawa za machizi kwenye begi, si unajitangaza mwenyewe? Nani atakupa friji lake ulitengeneze?”

Ukacheka. “Mie mbona niko fiti, mjomba. Nilishapanga kuziacha.”

“Sasa hapo umeongea kiume.”

Meza nzima ikacheka. Mimi nikainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilisimama jikoni na jagi mkononi, nikasikia kinyaa kikinipanda kifuani. Hakikuwa kinyaa cha kaka yangu na mfupa wake. Kilikuwa cha kile kicheko. Kicheko kile nilishakisikia hapa hapa uani kwetu Kawe, na siku ile mmoja wa waliocheka nilikuwa mimi.

Unajua mama yako haridhiki mpaka aeleze, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Nilifundisha biolojia maisha yangu yote ya kazi. Figo nilizichora ubaoni hadi nikaweza kuzichora huku nikiwatazama wanafunzi. Niliwaeleza ini, kongosho na moyo, na jinsi kila kimoja kinavyougua. Ubongo niliuchora pia, nikaandika majina ya sehemu zake, nikafuta ubao. Hata siku moja sikuwaambia watoto wa watu kwamba ubongo nao ni kiungo kama ini, kwamba nao huugua, na kwamba ukiugua mgonjwa hana kidonda cha kuonyesha. Palikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akilaza kichwa juu ya dawati kila kipindi changu. Nilimwita Malkia wa Usingizi. Darasa lilicheka, nikajiona mwalimu mchangamfu. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, nami sikuuliza yuko wapi. Ningekuwa na elimu ile niliyodhani ninayo, ningeuliza.

Basi ugonjwa ule ule ukaja kwangu, kwenye chumba cha mwanangu.

Watu huzungumza juu ya huzuni kana kwamba ina heshima fulani: kijana amekaa dirishani, anatazama mvua, anawaza mambo makubwa. Niliyoiona mimi haikuwa na heshima yoyote. Ilikuwa godoro lililolowa jasho. Ilikuwa sahani ya wali iliyoota ukungu chini ya kitanda, na kinywa kinachonuka cha mtoto ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupiga mswaki. Ulianza kwa kutokwenda karakana. Ukaacha kupokea simu za wateja, kisha simu za marafiki, kisha simu ikazimika chaji na hukuichaji tena. Ukaacha kuoga. Nilipokuwa nikifungua mlango wa chumba chako nilikuwa nashika pumzi kwanza, na nilikuwa najichukia kwa kuishika. Sikupambii haya, kwa sababu ukianza kuyasahau yalivyokuwa, utadhani ulichopona kilikuwa uchovu.

Halafu palikuwa na lile lililotushinda wote: hakuna kilichokuwa kimetokea. Hukuwa umefiwa wala kuachwa, na kazi ilikuwa nzuri. Ndugu walikuwa wananiuliza, “Kwani ana nini?” Alipofariki baba yako, hapo palikuwa na sababu, na tulihuzunika. Lakini kumbuka msiba ule. Ulilia makaburini, na jioni ile ile ulicheka shangazi yako alipokaa juu ya sinia la maandazi. Ulikula. Ulilala kwa sababu ulikuwa umechoka. Huzuni hupanda na kushuka, humwacha mtu apumue, halafu hurudi, na kadiri siku zinavyokwenda hurudi ikiwa imepungua. Sonona, ndivyo daktari alivyouita ugonjwa wako, haimwachi mtu apumue. Inakaa siku nzima, siku baada ya siku, wiki kwa wiki, na inabeba hata vitu visivyohusika: hamu ya chakula, usingizi, mpira wa Jumapili, ladha ya chai. Inamwamsha mtu kabla ya adhana ya alfajiri na kumwambia kwamba yeye ni mzigo. Naye anaamini, kwa sababu anayemwambia ni ubongo wake mwenyewe, na mtu hajazoea kuutilia shaka ubongo wake.

Ningepaswa kuijua mapema. Babu yako mzaa mama, kule Tunduru, alikuwa na majira yake ya kuingia ndani. Mvua zikianza yeye anajifungia, halimi, hasemi, anageukia ukutani. Sisi watoto tuliambiwa “babu yenu ana mambo yake” na tukakatazwa kupiga kelele. Mvua zikiisha anatoka, amekonda, anaona haya. Ugonjwa huu hupita katika damu za baadhi ya koo kama unavyopita ugonjwa wa sukari. Si lazima umfikie kila mtu, na mara nyingine humpata mtu ambaye ukoo wake hauna hata mmoja. Lakini mimi nilimwona baba yangu akigeukia ukuta, na nilipokuona wewe umegeukia ukuta nilisema, “Huyu kijana amedekezwa.”

Mjomba wako ndiye aliyeleta lile wazo. Unamjua, na unajua kwetu Wayao mjomba akisema jambo juu ya mpwa wake limeshasemwa. Alikaa kwenye kiti cha baba yako, akasema: “Dada, huyu mtoto anaomboleza. Hana maiti, lakini ni maombolezo haya. Sasa sisi maombolezo dawa yake si tunayo? Tuwaite watani.”

Nakiri kwamba maneno yake yalikuwa na mantiki, na ndiyo yaliyonipumbaza. Msibani watani wetu Wangoni ndio wanaotuondolea simanzi. Baba yako alipolala ndani ya sanda, Mzee Komba wa Mbagala alijilaza mbele ya jeneza akazuia mtu kupita hadi tukiri kwamba marehemu alikufa akiwa na deni lake la kuku. Mjane mimi nilicheka. Nilicheka na machozi yanatoka, na kicheko kile kilinisaidia. Hadi leo namshukuru Komba kwa kicheko kile. Kwa hiyo niliposikia “tuwaite watani”, yule mwalimu wa biolojia ndani yangu hakuinua hata mkono. Nilisema, “Waiteni.” Nikapika.

Hatujawahi kuizungumzia siku hiyo, wewe na mimi. Tumeizunguka kama watu wanavyolizunguka shimo la choo lisilo na mfuniko. Leo nitaifunua, maana naona imeanza kutoa harufu.

Walikuja Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Komba alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akaanua shati lako la miraba lililokuwa linakauka, akalivaa, vifungo havikufika. Akatandika mkeka katikati ya uwanja, akalala chali, akajifunika shuka la kijani hadi kidevuni. Wengine wakakaa kumzunguka, wakajifunika khanga kichwani, wakaanza kulia.

“Rajabu weee! Umetuacha, Rajabu! Godoro litabaki na nani?”

“Kafa kwa ugonjwa gani?”

“Kafa kwa kulala! Kalala hadi kapitiliza!”

“Wayao bwana, hata kufa mnafanya uvivu. Mwenzenu akifa anakufa kwa kuliwa na simba, nyie mnakufa kwa shuka!”

Komba akafungua jicho moja akasema marehemu anaomba chai, tena kwa maandazi. Majirani wakajaa ukutani. Yule binti wa nyumba ya nyuma alikuwa ameinua simu anarekodi, na jioni kipande kile kilikuwa kwenye simu za nusu ya Kawe. Mjomba wako alikuwa amejikunja kwa kucheka, anajipiga mapaja. Nami nilikuwa mlangoni, mwiko mkononi, nikicheka. Si kwa adabu, mwanangu. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu kwa wiki nyingi nyumba hii haikuwa na sauti.

Wakakuita uje umzike marehemu. Ukatoka. Sikuwa nimekuona kwenye mwanga wa jua kwa muda mrefu, na ulikuwa na rangi ya majivu. Ulisimama kwenye kizingiti, karibu nami hadi ningeweza kukugusa, ukamtazama Komba pale mkekani, ukasema taratibu kabisa:

“Mkimaliza kulia, basi nizikeni kweli.”

Na uwanja ukalipuka. Walipiga makofi. “Kajibu! Mtani kajibu!” Mjomba wako akainua mikono kama aliyefunga goli. “Si niliwaambia? Dawa imeingia.” Walidhani umerudisha utani. Walifurahi kwamba umepona.

Mimi nilikuwa karibu mno kuweza kudhani hivyo. Niliona macho yako. Uliutazama ule mkeka kama mtu aliyechoka anavyotazama kitanda. Na hili ndilo linalonichefua hadi leo kuliko shati, kuliko simu ya binti wa jirani, kuliko mapaja ya mjomba wako: niliyaona macho yale, nikaelewa, na bado kinywa changu kiliendelea kucheka. Kwa muda mfupi tu, labda wa kuvuta pumzi mara moja. Kicheko kikishaanza kwenye umati kina mwendo wake, mtu hawezi kukisimamisha ghafla. Lakini ulinitazama ukanikuta nacho usoni.

Umeniuliza mara mbili lile shati la miraba liko wapi. Nililifanya tambara la kudekia choo. Sasa unajua.

Nilikufuata chumbani. Huko nje walikuwa wanagombania nyama. Ulikuwa umeshageukia ukuta. Nikakaa sakafuni, kwa sababu kitandani hapakuwa na nafasi, nikakuuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa kwa wiki nzima, nikidhani kwamba nikilitaja nitakuwa nimekupa wazo.

“Rajabu, unataka kufa?”

Ukasema, “Sijui, mama. Nataka tu kesho isiwepo.”

“Umewaza namna ya kufanya?”

“Nimewaza. Sijafanya kitu.”

Baadaye daktari aliniambia kwamba swali lile halimpi mtu wazo. Wazo linakuwa limeshakuwepo. Swali linampa tu mtu mahali pa kulitua. Nakwambia hili kwa ajili yako na kwa ajili ya yeyote utakayekaa naye huko: uliza, na uulize kwa maneno yenyewe, bila kuzunguka. Nilitoka nikawaambia watani waondoke. Mjomba wako akaniambia, “Dada, unaharibu dawa.” Nikamwambia achukue sufuria na nyama yake aende. Sikukuacha peke yako hadi asubuhi, na asubuhi tukapanda bajaji kwenda hospitali.

Pale hospitalini niliendelea kujidhihirisha nilivyo. Kliniki ya afya ya akili ina benchi lake nje, na kila anayepita anajua lile ni benchi la nini. Nilivuta ushungi hadi puani. Wewe mgonjwa ulikaa uso wazi, mimi mzima nikajificha. Na kwenye benchi lile lile, mwisho kabisa, alikuwepo mama mmoja niliyewahi kufundisha naye, amekaa na binti yake, naye kajifunika hadi puani. Tulitazamana kwa macho manne juu ya vitambaa viwili. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Wanawake wawili wenye vyeti ukutani, kila mmoja anaombea mwenzake asimtambue. Nikikumbuka hilo natamani kutema mate.

Daktari hakukuita chizi wala hakukuhubiria. Alikuuliza usingizi, chakula, hamu, mawazo ya kifo, na kama ulishawahi kuwa na vipindi vya kinyume chake, vya kutolala kabisa na kujiona unaweza kila kitu, maana ugonjwa huo nao upo na dawa yake ni nyingine. Alikupima damu, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu vinaweza kumfanya mtu afanane na mwenye sonona. Akakuomba ueleze unajisikiaje, kwa maneno yako. Nilidhani hutajibu. Ukasema:

“Ni kama friji linaunguruma, taa ya ndani inawaka, lakini halipozi. Ukilisikiliza unasema ni zima. Humo ndani vitu vinaoza.”

Daktari aliacha kuandika. Alikuuliza, “Friji la hivyo unalifanyaje?” Ukasema, “Unatafuta gesi imevuja wapi, unaziba, unajaza.” “Hulipigi makofi?” “Kuna watu wanapiga.” Ndipo nilipoona pembe ya mdomo wako ikisogea kwa mara ya kwanza.

Ukapewa njia mbili kwa pamoja, kwa sababu hali yako ilikuwa nzito. Wapo ambao mazungumzo peke yake huwatosha. Wewe ulipewa vidonge kila siku, na mazungumzo na mshauri kila wiki. Vidonge vile si kama panadoli unayomeza asubuhi na kichwa kikatulia mchana. Vinafanya kazi polepole, kwa wiki kadhaa, na ubaya wake hutangulia uzuri wake. Mdomo ulikukauka. Tumbo lilikuchafuka. Ulisema, “Mama, hivi vitu vinaniongezea tu,” na mimi nikakubaliana nawe kimoyomoyo. Nisingekuwa na woga wa yule daktari ningevitupa. Alikuwa ametuonya kwamba wiki hizo za mwanzo ndizo za kukuangalia kwa karibu zaidi, maana mtu anaweza kupata nguvu za kuinuka kabla mawazo mabaya hayajaondoka. Kwa hiyo nilihamishia mkeka wangu chumbani kwako. Ulichukia. Nilikaa.

Mshauri naye sikumwelewa mwanzoni. Nilidhani atakupa maneno makubwa. Akakupa kazi za kitoto: uoge kwanza, halafu ndiyo ujiulize kama ulitaka kuoga. Utembee hadi ufukweni urudi. Uchaji simu. Alieleza kwamba sonona humwambia mtu asubiri hamu ije ndipo afanye, na hamu haiji. Inabidi kufanya ndipo hamu ifuate nyuma, kwa kusuasua. Alikufundisha pia kuyashika yale mawazo ya “mimi ni mzigo” na kuyahoji kama shahidi mahakamani. Alituita na sisi ndugu. Mjomba wako alisema ana kazi. Nilikwenda peke yangu, nikasikia makosa yangu.

Siku niliyojua kwamba unarudi haikuwa na shangwe. Ulikuwa unakula, ukasimamisha kijiko, ukasema, “Mama, mchuzi umezidi chumvi.” Nilikasirika kidogo, kama mpishi yeyote. Niliporudi jikoni na bakuli ndipo nikatambua kwamba kwa miezi ulikuwa umekula kila nilichokupa bila kujua ni nini. Niliuonja mchuzi. Ulikuwa umezidi chumvi kweli.

Sasa turudi kwenye kabati.

Unasema umepona. Nakubali kwamba uko vizuri. Naona kwa macho yangu. Unaimba bafuni vibaya, umenigombeza juu ya chumvi mara nyingi, umepata kazi kwenye majokofu ya samaki ambayo watu wengi waliitaka. Lakini wewe ndiye fundi, nijibu wewe: friji likishajazwa gesi likaanza kupoza, fundi hulitoa gesi akasema limepona? Linapoza kwa sababu gesi imo. Daktari alikwambia uendelee kwa miezi kadhaa baada ya kujiona mzima, kwa sababu anayeacha mapema ugonjwa humrudia kirahisi, na kwamba hata siku ya kuacha ikifika hupunguzwa kidogo kidogo, naye akijua, si kukata ghafla kwa sababu mtu mmoja amesema neno akila nyama. Ukikata ghafla utapata kizunguzungu, utakosa usingizi, utakuwa na hasira, na utakuwa nayo ukiwa mgeni, kwenye kazi mpya, ambako hakuna anayejua kwamba ukinyamaza kuna jambo.

Wala hivi si vidonge vya kukufanya teja. Najua kuna watu wamekwambia hivyo. Teja hutaka zaidi kila siku. Wewe unasahau kuvimeza hadi nikukumbushe. Kama vinakusumbua, na najua kuna yanayokusumbua ambayo kijana hamwambii mama yake, mwambie daktari. Zipo aina nyingine na dozi nyingine. Hilo ni jambo la kuzungumza, si la kulifumbia macho.

Dua nakuombea, na nitaendelea. Lakini niliomba dua pia siku zile nilipokuwa nawapikia watani, na sidhani Mwenyezi Mungu alinikataza kutumia macho aliyonipa.

Simlaani mjomba wako. Nilitaka kumlaani kwenye barua hii, nimekata mistari hiyo. Anakupenda kwa namna inayotia kinyaa, na yapo mapenzi ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nayo. Anaogopa watu watasema nini, nami nilivuta ushungi hadi puani. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliyaona macho yako pale mlangoni, yeye hakuyaona. Na kama uliziacha dawa ili umfurahishe yeye, au kwa sababu umechoka kuwa mgonjwa wa ukoo, hilo nalielewa kuliko unavyofikiri. Mtu anataka kufika mji mpya akiwa mtu mpya. Lakini ubongo wako unasafiri nao, baba, ule ule.

Huko kiza kile kikirudi, utakijua kwa dalili zake: kuamka kabla ya alfajiri bila sababu, chakula kukosa ladha, simu kuachwa izimike. Usingoje kiwe kikubwa. Na yakirudi yale mawazo ya kutaka kesho isiwepo, usilale nayo hata usiku mmoja. Nipigie saa yoyote. Nisipopokea mgongee jirani, mwambie mtu wa zamu kazini, nenda hospitali yoyote iliyo karibu uyaseme kwa maneno yake. Nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Nimelipita begi lako mara nyingi jioni hii. Liko pale sebuleni limefungwa. Ingekuwa rahisi kuiingiza pakiti katikati ya mashati, ungeikuta ukifika, na mama angekuwa ameshinda. Mkono ulishafika kwenye zipu. Nikakumbuka mkeka. Siku ile nayo tulikufanyia jambo kwa ajili yako bila kukuuliza, tukaliita upendo, na hatukusikia ulipolijibu. Sitakufanyia jambo lingine nyuma ya mgongo wako, hata liwe zuri.

Kwa hiyo vidonge viko pale pale ulipoviacha, pamoja na barua ya rufaa ambayo daktari alikuandikia kwa kliniki ya Mwanza. Asubuhi nitakwambia kuna bahasha yako nyuma ya redio, ndiyo yenye barua hii. Ukiwa umesoma hadi hapa, umesimama mbele ya kabati na kila kitu kiko mbele yako. Mimi niko jikoni, na mlango nimeurudishia. Sitachungulia, na sitakuuliza umechukua nini.

Nakukaangia mayai ya safari. Chumvi ikizidi, sema.

Mama yako